Mkono wa Kijana si Jiliwa



Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumzia malaria, kuhara, lishe ya watoto na shinikizo la damu. Safari hii tunazungumzia chombo ambacho hakikai katika kabati la dawa. Kinakaa katika karakana ya seremala, katika stoo ya parokia, na siku hizi hata chini ya kitanda cha baba mwenye nyumba. Ni drili ya mkononi, yaani mashine ya kutobolea inayotumia umeme au betri.

Tunaandika kwa sababu ya kosa letu wenyewe. Miezi michache iliyopita tulikuwa tunatengeneza mabenchi ya parokia moja huku kwetu magharibi. Ubao ulikuwa wa mninga, kipande kifupi tu kisichozidi urefu wa mkono. Meza ya fundi ilikuwa mbali, nasi tulikuwa na haraka. Tukauweka ubao juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukamwita kijana aliyekuwa akijifunza useremala: "Hebu njoo ushike hapa, dakika moja tu." Kijana akaja, akashika. Hakuuliza neno, maana mtoto aliyelelewa vizuri akiitwa na mkubwa huitika.

Biti ilipokaribia kutokeza upande wa pili, ilinasa. Ubao ukageuka ukamponyoka. Naye, kwa utiifu ule ule, akaudaka kwa chini ili kazi isiharibike. Wakati huo huo biti ikapenya, ikaingia katika kiganja chake. Alipelekwa hospitali, akashonwa, kidonda kikapona. Lakini kano ilikuwa imekatika, na kidole chake cha shahada hakikunji mpaka leo. Kijana yule alikuwa anajifunza kazi ya mikono.

Tangu siku ile tumekuwa tukiangalia kwa makini tunapopita karakana za mjini Tabora na za vijijini. Karibu kila mahali tumeona mambo yale yale: mkubwa ameshika drili, mdogo ameshika ubao. Ndiyo maana tunasema wazi kwamba desturi hii haifai, na kwamba sisi wazazi na mafundi hatuna budi kuiacha. Mkono wa kijana si jiliwa.

DESTURI HII ILITOKA WAPI?

Haikuanzishwa na watu wabaya. Mafundi wa zamani walitoboa mbao kwa keke. Makamusi ya kale ya Kiswahili yanakitaja chombo hicho sehemu kwa sehemu: chuma cha kutobolea kiliitwa kekee, mti uliochomekwa chuma hicho uliitwa msukano, mpini uliokaa juu uliitwa jivu, na kilichozungusha ni uta, kama upinde mdogo, uliovutwa mbele na nyuma. Kwa kuwa fundi alikuwa na mkono mmoja juu ya jivu na mwingine kwenye uta, alihitaji mtu wa kumshikia ubao. Baadaye zikaja keekee za kuzungusha kwa mkono, na desturi ikaendelea.

Katika kazi ile, kushika ubao hakukuwa na hatari kubwa. Chuma kikinasa, mkono wa fundi nao husimama. Nguvu inayozungusha ni ya mtu, na mtu husikia kwa misuli yake kwamba kuna kitu kimekwama.

Drili ya umeme haisikii. Biti ikinasa, mota huendelea kusukuma. Kwa kuwa biti haiwezi tena kuzunguka ndani ya ubao, kinachozunguka ni ubao wenyewe, au drili pamoja na kiwiko cha aliyeishika. Hebu tufanye hesabu kidogo. Drili yenye kasi ya mizunguko 1,500 kwa dakika huzunguka mara 25 kila sekunde. Mtu mwepesi huhitaji kama sehemu moja ya tano ya sekunde kutambua jambo na kuanza kuachia kidole. Katika muda huo biti imekwisha kuzunguka mara 5. Kwa hiyo anayesema "nitaiachia ikianza kukorofisha" anajidanganya. Itakuwa imekwisha kukorofisha.

Sisi watu wa Tabora tunayo sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Mji wetu ulikua juu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wasafiri wengi waliotajwa vitabuni walipita hapa. Tembe la Kwihara, ambako Livingstone alikaa mwaka 1872, tunawapeleka watoto wetu kulitazama. Lakini waliobeba njia ile ni wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mtu mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, siku baada ya siku, kwa mamia ya kilometa. Wakati ule bega la mtu ndilo lililokuwa gari. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mzigo ule ukaanza kushuka kutoka mabegani.

Mashine huletwa ili mwili wa mtu upumzike. Drili nayo imekuja kumpunguzia fundi jasho. Basi ni jambo la kusikitisha kwamba tumenunua mashine, kisha tukaacha mkono wa mtoto uendelee kufanya kazi ya kipande cha chuma.

BANA KAZI KWANZA

Kanuni ya kwanza ni hii: kabla drili haijawashwa, kitu kinachotobolewa kiwe kimebanwa, wala kisiwe kimeshikwa na mkono wa mtu yeyote, pamoja na wa fundi mwenyewe. Mikono ya fundi yote miwili iwe kwenye drili. Kama drili ina mpini wa pembeni, ufungwe na utumike, hasa kwa biti nene.

Wengi watatuambia: "Jiliwa ni ghali." Ni kweli kwamba jiliwa zuri la chuma linagharimu. Lakini mababu walijua kubana bila jiliwa. Pigilia mezani vipande viwili vya mbao, acha nafasi kati yake, weka ubao wako hapo, kisha ukaze kwa kabari. Gharama yake ni misumari michache na mabaki ya mbao. Kwa vitu vya duara, kama bomba, kata mfereji wenye umbo la V katika gogo dogo, laza bomba humo, na ulifunge kwa mpira wa tairi la baiskeli. Kama kazi ni kubwa, kwa mfano mlango au mzinga wa nyuki, iegemeze ukutani au izungushie mawe mazito isisogee.

Bati na vipande vyembamba vya chuma vinahitaji uangalifu zaidi. Biti inapotokeza upande wa pili hulishika bati na kulizungusha kama panga. Bati lisishikwe kwa mkono hata kama ni kipande kidogo. Hasa kama ni kipande kidogo. Libane kati ya mbao mbili, toboa zote pamoja, na tundu litakuwa safi.

NAMNA YA KUTOBOA VIZURI

Kazi nzuri na kazi salama ni ndugu. Anayetoboa ovyo ndiye anayesukuma kwa nguvu, na anayesukuma kwa nguvu ndiye anayeteleza.

Chagua biti inayofaa. Biti ya mbao, ya chuma na ya ukuta hazifanani, wala hazibadilishani kazi. Biti butu inoleshwe au itupwe. Ukiona moshi au ukisikia mlio wa kukwaruza, acha, usiongeze nguvu. Unapofunga au kubadili biti, kwanza chomoa waya kwenye soketi au toa betri. Kama drili yako hufungwa kwa ufunguo, ondoa ufunguo huo kabla ya kuwasha, la sivyo utaruka kama jiwe la kombeo.

Weka alama kwa ncha ya msumari na nyundo mahali pa kutoboa, ili biti isitangetange. Weka kipande cha ubao usio na kazi chini ya ubao wako, ili tundu lisipasuke upande wa pili. Anza polepole, drili ikiwa imenyooka, kisha ongeza mwendo. Kwa chuma na kwa biti nene tumia mwendo wa polepole. Chomoa biti mara kwa mara ili takataka zitoke tunduni, kwani takataka zilizojaa ndizo huifanya inase. Ukikaribia kumaliza, punguza mkono. Ni hapo mwishoni, biti inapotokeza, ambapo ajali ya kijana wetu ilitokea.

Biti ikinasa, achia swichi, chomoa waya au toa betri, kisha izungushe kinyume kwa mkono. Usipigane na mashine inayowaka.

MACHO, MAPAFU NA MAVAZI

Miwani ya kazi ivaliwe na anayetoboa na kila aliye karibu. Kipande cha chuma kinachoruka kinaweza kuingia jichoni na kuacha kitundu kidogo sana, bila maumivu makubwa siku ya kwanza. Jicho likiharibika hakuna duka linaloliuza. Miwani ya kawaida ya kusomea haitoshi, kwa kuwa iko wazi pembeni.

Vumbi nalo lisidharauliwe. Vumbi la ukuta wa simenti au matofali lina chembe ndogo za mchanga ambazo, zikivutwa kwa miaka mingi, huharibu mapafu. Vumbi la mbao lilitajwa mwaka 1995 na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani kuwa ni miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Toboeni nje au milango ikiwa wazi, na mvae barakoa nzuri inayobana puani. Msipulize tundu kwa mdomo. Vumbi hurudi machoni. Tumieni brashi.

Mavazi yasiwe ya kuning'inia. Mikono ya shati ikunjwe, kanga ifungwe vizuri, nywele ndefu na za kusuka zifunikwe kwa kitambaa. Wapendwa tunaovaa rozari shingoni, tuitie mfukoni wakati wa kazi hii. Wengine watashangaa tukisema kwamba glavu pana za kitambaa hazifai hapa. Mashine inayozunguka hukamata kitambaa, na kitambaa huvuta mkono uliomo ndani.

Kuhusu ukuta wa nyumba, wengi hutoboa kwa ajili ya pazia au picha. Tangu umeme ulipoanza kusambazwa vijijini, nyumba nyingi zina nyaya ndani ya kuta. Kwa kawaida nyaya hizo hushuka au kupanda moja kwa moja kutoka kwenye soketi na swichi, au huenda upande kwa upande kati yake. Basi usitoboe juu, chini wala pembeni mwa soketi au swichi kwa mstari ulionyooka. Ukiwa na shaka, zima umeme kwenye swichi kubwa na utumie drili ya betri. Drili ya waya isitumike penye maji, wala ikiwa waya wake umechubuka na kufungwa kwa plasta ya kidonda. Umeme wa nyumbani wa volti 230 unatosha kuua.

AJALI IKITOKEA

Jichoni: usisugue. Kama ni vumbi tu, osha kwa maji safi mengi. Kama kitu kimechoma au kimepenya, usikichomoe wala usimwagie maji. Funika jicho kwa kikombe kisichogusa jicho, na mwende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu ni kidogo. Tunawasihi akina mama na bibi zetu: maziwa ya mama, mkojo na majani yasitiwe katika jicho lililoumia. Huongeza vijidudu.

Mkononi: kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono juu mpaka damu ikome. Kama ni jeraha dogo, lioshe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Tundu la biti huonekana dogo kwa juu lakini ni refu, na pepopunda hupenda majeraha ya namna hiyo. Nendeni kituo cha afya mkaulizie chanjo. Daktari amwombe aliyeumia akunje na kunyoosha kila kidole. Kidole kisichokunja ni dalili kwamba kano imekatika, na kano hushonwa vizuri zaidi mapema kuliko baadaye. Kama kidole kimekatika kabisa, kifungeni katika kitambaa safi chenye unyevu kidogo, mkitie katika mfuko wa nailoni, na mfuko huo muuweke juu ya barafu, barafu isiguse kidole chenyewe.

Umeme: usimguse aliyenaswa. Zima kwanza swichi kubwa. Kama haiwezekani, simama mahali pakavu na umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui na mnajua kumpa huduma ya kwanza, anzeni mara moja huku mkiita msaada.

TUNAOMBA NINI?

Tunajua hoja ya mafundi: "Kijana atajifunzaje kama hashiki?" Tunajibu kwamba anayeshika ubao hajifunzi kutoboa, anajifunza kuogopa. Mfundisheni kupima, kuweka alama, kugonga kabari, kuchagua biti. Kisha, akifikia umri, mwacheni atoboe mwenyewe kwa mikono miwili, nanyi mkisimama pembeni. Hivyo ndivyo fundi anavyozaliwa.

Tunajua pia hoja nyingine: "Sisi tulishika, na vidole vyetu vipo." Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini wale waliopoteza vidole wengi waliacha ufundi, kwa hiyo hawapo karakanani kutoa ushuhuda wao.

Sheria nayo iko upande wa kijana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na inakataza kumpa kazi za hatari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwenye karakana awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga. Hata hivyo, hatutaki mtu aifuate kanuni hii kwa kuogopa mkaguzi. Aifuate kwa sababu mkono ule ni wa mtoto wake au wa jirani yake.

Kwa hiyo tunatoa pendekezo dogo kwa jumuiya ndogo ndogo. Katika jumuiya nyingi ipo drili moja, na inaazimwa nyumba hadi nyumba. Jumuiya ichange kidogo inunue miwani miwili na klampu mbili, vitiwe katika mfuko mmoja pamoja na drili, na visitenganishwe kamwe. Anayeazima drili aazime mfuko mzima, na anayerudisha arudishe mfuko mzima. Mwenye drili awe na ujasiri wa kusema: "Bila miwani na klampu, haitoki." Hata kama anayeazima ni shemeji.

Na ninyi vijana wetu, tunawapa ruhusa ambayo pengine hamkuwahi kupewa. Mkubwa akikuiteni mshike ubao ili atoboe, mjibuni kwa adabu: "Shikamoo, baba. Ngoja nikaulete ubao wa kubania." Huko si kukosa heshima. Yule wa kwetu angejibu hivyo siku ile, tungechelewa dakika tano, naye leo angekuwa anashika randa kwa vidole vyake vyote.

Juzi tulimtembelea. Amejifunza kushika penseli kwa kidole cha kati, na mstari wake umenyooka kuliko wetu. Alituonyesha meza aliyoitengeneza kwa ajili ya karakana yao. Pembeni mwake amepigilia mbao mbili, na kati yake imening'inia kabari kwa kamba, ili isipotee.